Amepumzika Kituo cha Mwisho

Nyumbani kwetu viti havikaliwi na watu. Vinakaliwa na mashuka. Mama ni dobi wa nyumba za wageni, na chumba cha mbele ndicho kiwanda chake: meza ndefu ya kupigia pasi, kamba zinazokata chumba toka ukuta hadi ukuta, na mashuka yaliyokunjwa yamepanda juu ya kila kiti mpaka yanaziba dirisha. Mgeni akija anasimama. Akichoka kusimama anaaga. Mama haoni ubaya wowote hapo, maana yeye ndiye wa kwanza kutokaa.

Mimi ni msusi, na ninakimbia mbio ndefu za milimani. Najua unachotaka kuuliza, wateja wangu wote wameshaniuliza. Hapana, hakuna anayenifukuza. Ndiyo, tunaanza giza halijaisha na tunamaliza jua likielekea kuzama. Ndiyo, kwa hiari yangu. Na miguu yangu ni mizuri kuliko yako, isipokuwa kucha, na kucha zitaota.

Napenda mlima kwa sababu moja ninayoijua vizuri. Saluni, kutwa nzima naambiwa nikaze hapa, nilegeze pale, hapa umevuta, pale umeacha. Mlimani hakuna mtu wa kuniambia nikaze wala nilegeze. Naamua mwenyewe. Nikifika juu na upepo ukinipiga usoni, najisikia mwenye mali, na hakuna anayeweza kuja kunidai.

Lakini kisa hiki si cha mlima peke yake. Ni cha neno moja.

Baba alikuwa mwashi. Kauli yake ilikuwa moja maisha yote: "Nikimaliza ukuta huu, nitapumzika." Akimaliza ukuta, kulikuwa na ukuta mwingine unamsubiri. Mchana mmoja alijilaza kwenye kivuli cha ukuta aliokuwa anaupiga plasta. Mafundi wenzake walifurahi kumwona amelala, kwa jinsi walivyokuwa wakimsihi. Wakaanza kunong'ona. Wakawa wanapita kwa kunyata na kuweka ndoo chini taratibu wasije wakamwamsha. Walinyata mpaka jioni. Ndipo mmoja alipomgusa bega.

Siku zile za msiba kila aliyeingia mlangoni alisema jambo lilelile. Mzee amepumzika. Jamani, mzee kapumzika. Mama alilisikia mpaka likamjaa kooni. Watu walipotawanyika akatuita mimi na dada yangu, akazima pasi, akasema, "Neno lile silitaki tena ndani ya nyumba hii."

Hatukuuliza lipi.

Tangu hapo, nyumbani kwetu mtu anakaa kidogo, anavuta pumzi, ananyoosha mgongo, anapoa, anatua mzigo. Lile lingine hafanyi. Shemeji yangu, mume wa dada, alipooa kwetu ilibidi afundishwe. Yeye ni fundi wa magari, mtaalamu wa breki, na watu wanamwita Breki; kichekesho ni kwamba mdomo wake ndio chombo pekee mtaani kisicho na breki. Akisikiliza mpira redioni kwa Mama, kipindi cha kwanza kikikaribia kuisha anasogea karibu na redio, na mtangazaji akitaka tu kusema sasa ni mapumziko, Breki anakohoa kikohozi cha kufukuza mbuzi. Mama anajua. Anaendelea kupiga pasi kana kwamba hajasikia.

Sasa mwaka jana nilijiandikisha mbio za mlima kwa mara ya kwanza, na nikafanya mazoezi kama mtoto wa baba yangu. Kila siku nilikimbia. Kila Jumapili nilikwenda mbali kuliko Jumapili iliyopita, nikirudi nasimama kwa Mama namsaidia kukamua mashuka, na Jumatatu nasimama saluni. Mguu ukiuma, nauambia ukome. Siku ya mbio nilipita vituo vyote bila kusimama, nikajiona simba. Mbele kidogo ya kituo cha mwisho, kwenye ukingo wa mlima, miguu ikazimika. Sikuanguka kwa maumivu, nilikaa tu chini kama mzigo na sikuweza kuinuka. Wanaume wakanishusha ndani ya blanketi, na mmoja wao alikuwa mume wa mteja wangu, kwa hiyo habari ilifika mtaani kabla yangu.

Mama hakunigombeza. Aliniangalia nikishushwa kwenye gari, akasema neno moja: "Umebebwa." Halafu akarudi kwenye pasi yake. Kesho yake ndipo aliponitolea hukumu.

"Nenda mara moja tena," alisema. "Ukirudi kwa miguu yako, nitanyamaza, utakimbia mpaka uzeeke. Ukirudi umebebwa, vile viatu vyako nitavichemsha pamoja na mashuka ya wageni mpaka viwe supu. Na mlima basi."

"Mama—"

"Nimeshamwona mmoja akibebwa. Sitaki kuzoea."

Kwa hiyo nilikuwa na nafasi moja tu ya kuubakiza mlima wangu. Ndipo nilipokwenda kumwona Mwalimu.

Mwalimu anafundisha michezo shule ya sekondari. Zamani alikimbia milima mpaka magoti yakamkatalia. Nilimsuka nywele, nikamweleza kila kitu, na nilipomaliza aliniambia nimpe mguu. Palepale saluni, mbele za watu, akanibinya nyama za mguu kwa kidole gumba.

"Hii si misuli," akasema. "Hii ni mbao. Unafanya kazi gani Jumatatu baada ya kukimbia sana?"

"Nasimama hapa."

"Na Jumanne?"

"Nakimbia."

"Baba yako alikuwa mwashi, siyo? Ukuta ukishapigwa plasta, fundi anafanya nini?"

"Anauacha ukauke."

"Akiendelea kuupiga plasta juu ya plasta mbichi?"

"Inabomoka yote."

"Haya, wewe ndiye huo ukuta. Kukimbia hakukujengi, binti. Kukimbia kunakubomoa. Unajengwa ukiwa umelala." Akajitazama kwenye kioo, akageuza shingo huku na huku. "Umenikaza sana hapa nyuma."

Nilimlegezea. Na mimi nikaanza kujifunza upya kama mtoto wa darasa la kwanza.

Mbio ndefu ya Jumapili ilibaki, lakini Mwalimu alitaka niikimbie polepole kiasi cha kuweza kupiga umbea bila kuhema. Nikishindwa kumaliza kisa cha mtu, nimezidisha mwendo. Mpando mkali natembea, mikono magotini, bila aibu. Mteremko najifunza kushuka kwa hatua fupi nyepesi, maana mteremko ndio unaochana nyama za mapaja, na mapaja yasipozoezwa yanakuja kukusaliti saa ya kukuhitaji. Nikifika chini nakula kabla sijavua viatu: viazi vya kuchemsha vyenye chumvi, yai, ndizi. Kisha miguu naiingiza kwenye beseni la maji baridi, na hapo kuwa mtoto wa dobi kulinisaidia, maana kwenye mabeseni yetu mtu mzima anaweza kuzama. Wiki kadhaa naongeza umbali. Halafu inakuja wiki ya kupunguza, na ile wiki Mwalimu alinikataza hata kukimbilia basi, akaniagiza nilale kila mchana.

Ile wiki ya kupunguza ndiyo iliyonitesa. Kukimbia nilikujua. Kulala mchana sikukujua, na tatizo kubwa zaidi, sikuwa na pa kulala. Kwa Mama mtu mzima halali mchana. Anayelala mchana ama anaumwa, ama limeshampata lile neno. Wenzangu wakimbiaji wanaiba muda wa kukimbia, wanawadanganya wake na waume zao. Mimi niliiba muda wa kulala.

Nilikuwa najificha kwenye stoo ya saluni. Nafunga mlango, natandika kanga sakafuni chini ya rafu ya vichwa vya plastiki vilivyovaa mawigi, naegemeza miguu ukutani, najifunika taulo, nafumba macho. Msaidizi wangu aliambiwa awaambie wateja nimekwenda kununua rasta. Siku hizo nilinunua rasta nyingi sana.

Mchana mmoja Mama alileta taulo za saluni alizofua. Hakupiga hodi. Dobi hapigi hodi kwenye stoo anayoijaza mwenyewe. Akafungua mlango, akanikuta chali sakafuni, nimefunikwa nguo nyeupe, mikono kifuani, macho yamefumbwa.

Niliamshwa na kishindo cha taulo zikianguka. Nilipofumbua macho Mama alikuwa amepiga magoti, amenishika uso kwa mikono yote miwili, na mikono ile, inayobeba pasi ya chuma kutwa nzima bila kutetereka, ilikuwa inatetemeka.

"Mama, ni mzima. Nilikuwa na... nanyoosha mgongo."

 Kisha akainuka, akaanza kuokota taulo moja moja, akizikunja upya.

"Nyoosha ukiwa umesimama," akasema, akaondoka.

Niliumia sana siku ile. Nilitaka kumfuata nimwambie kwamba kulala si kufa, kwamba baba hakuuawa na kulala, baba aliuawa na kutolala. Lakini kwa kusema hivyo ningelazimika kulitumia neno, na sikuwa na ubavu. Nikarudi kwenye kichwa cha mteja. Jumapili iliyofuata nilikimbia mlima mzima nikipiga umbea peke yangu, bila kuhema hata kidogo, na miguu ikawa inacheza chini yangu. Hapo nikajua Mwalimu ana akili, na kwamba nitamaliza. Sikutumaini. Nilijua.

Siku ya safari, Mama alinipa fulana yangu ya kukimbilia aliyoipiga pasi mpaka mikono ina mikunjo ya kukata mboga. Akamgeukia Breki, ambaye ndiye aliyekuwa ananipeleka kwa pikapu yake na kunifuata kituo kwa kituo kwenye barabara za vumbi.

"Kila kituo, andika," akamwambia. "Mwandikie mkeo, yeye atanisomea."

"Mama, ondoa shaka," Breki akasema. "Nitaandika kama gazeti."

Na kweli kituo cha kwanza aliandika, "Amepita, anacheka." Cha pili, "Amepita, amekula viazi." Dada alisoma kwa sauti, Mama akapiga pasi. Hayo niliambiwa baadaye.

Mimi nilikuwa huko nyuma ya watu, natembea mpando wa kwanza kama niliyetumwa sukari. Jamaa mmoja mrefu, miguu hadi kifuani, alinipita akiwa mbio.

"Dada, unaenda sokoni?"

"Ndiyo," nikamjibu. "Nikununulie nini, nikukute nacho huko mbele umekaa?"

Akacheka akapotea. Nikaendelea na mwendo wangu wa umbea. Kulikucha, jua likapanda, mlima ukafunguka mbele yangu mgongo baada ya mgongo. Nilikula kabla ya njaa, nikanywa kabla ya kiu, nikashuka miteremko kwa hatua fupi kama Mwalimu alivyonifunza. Kitu pekee kilichonisumbua ni nyonga ya kushoto, iliyoanza kulia pole pole baada ya adhuhuri na nilipofika kituo cha mwisho ilikuwa inapiga kelele.

Kituo cha mwisho ni turubai moja chini ya ule ukingo ulioniangusha mwaka jana. Kuna meza ya maji, jiko la chai, na mtu mwenye bendera. Bendera ile ikishuka, njia inafungwa, na ambaye hajapita anarudishwa kwa gari. Nilifika ikiwa bado imesimama, na muda ulikuwepo, ingawa si wa kuchezea. Kila mtu aliyefika pale alinywa akiwa wima akaondoka. Na agizo la Mwalimu lilikuwa wazi: nifike pale, nimiminiwe chai, nilale chini mpaka chai ipoe, ndipo niinywe nipande. Ndiyo kwanza nikaelewa kwa nini alinirudisha stoo wiki baada ya wiki. Alikuwa ananifundisha kulala kwa kuagizwa.

Nikasimama pale nikiutazama ukingo. Wanawake wawili niliokuwa nimewapita wakanipita. Mwili wote ulikuwa unaniambia nenda, ukikaa huinuki tena. Na nitasema ukweli, sikuogopa bendera. Nilimwogopa mzee wangu, pale kwenye kivuli cha ukuta wake, na watu wakipita kwa kunyata.

"Shemeji," nikamwambia Breki, "nalala. Usininyatie. Umesikia? Piga kelele zako zote. Na chai ikipoa, niamshe."

"Nitakuamsha hata kwa jeki."

Nikajilaza juu ya turubai, miguu juu ya begi. Kitu cha mwisho nilichosikia ni Breki akimsimulia mwenye bendera habari za gia boksi. Nikalala usingizi mzito.

Sasa sikiliza alichokifanya yule bwana, kwa roho safi kabisa. Aliniona nimelala, uso umelegea, nyonga imetulia, akafurahi mpaka machozi yakamlenga, kwa sababu alijua jinsi nilivyohangaika kujifunza hilo. Akataka nyumbani nao wafurahi. Pale chini mtandao hakuna, ukipata ni tone tone. Akapanda juu ya paa la pikapu, akainua simu, na kwa furaha akasahau kanuni ya kwanza ya nyumba aliyoolea. Akaandika:

"Mdogo wako amepumzika hapa kituo cha mwisho. Hana maumivu tena. Amelala kwa amani kabisa."

Ujumbe wa kwanza ukaenda. Akaandika wa pili: "Chai ikipoa namwamsha apande." Wa pili haukwenda. Simu ilizunguka, ikazunguka, mtandao ukakata. Breki akaitia mfukoni, akashuka, akagusa kikombe, akanipigia kelele sikioni kama honi ya lori.

Niliamka mpya. Sina namna nyingine ya kulisema. Nikanywa chai, nikatia viazi mfukoni, nikaupanda ule ukingo nikiutazama machoni. Pale nilipokaa kama mzigo mwaka jana nilipajua, kuna jiwe lenye ufa. Nikalipiga kofi nikapita. Wale wanawake wawili niliwapata kabla ya kilele. Mbele kidogo nikamkuta jamaa mrefu amekaa njiani, ameshika mapaja.

"Sokoni kulikuwa na viazi tu," nikamwambia, nikampa kimoja chenye chumvi.

"Dada," akasema akitafuna, "umetokea wapi?"

"Kulala."

Nilishuka mteremko wa mwisho jua likiwa bado na nguvu. Nilivuka mstari kwa miguu yangu, nikipunga mikono, fulana imelowa lakini mikunjo ya Mama ingali inaonekana. Nilipiga kelele ya furaha ambayo nadhani hata jiwe la ufa liliisikia. Breki akanikumbatia akalia waziwazi. Tukapanda gari tukaanza kushuka, mimi natafuna ndizi, miguu nimeiweka juu ya dashibodi.

Kwenye kona ya kwanza yenye mtandao simu zetu zikaanza kutetemeka kwa pamoja, na hazikunyamaza.

Nilifungua yangu. Mteja mmoja, mwanamke mtu mzima, alikuwa ameandika kwenye namba yangu mwenyewe: "Pumzika kwa amani msusi wetu. Ulinivuta sana masikio lakini nimekusamehe." Mwingine: "Siamini. Alikuwa anajua kazi, ingawa ukimwachia kichwa mchana anakwenda kununua rasta harudi." Wa tatu nilikuwa nimemwacha na nusu ya kichwa: "Mungu amlaze pema. Je, kuna anayejua msaidizi wake anaweza kumalizia?" Na Mwalimu, aliyeandika katikati ya wote: "Nilimwambia apumzike. Sikumaanisha hivi."

"Shemeji," nikasema taratibu, "umeandika nini?"

Breki alisimamisha gari. Akausoma ujumbe wake mwenyewe, midomo ikicheza. Alipofika mwisho akaurudia. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akakosa la kusema.

Nilitaka kucheka, na nilianza kucheka, halafu nikamkumbuka Mama. Nikapiga simu ya dada. Haikupokelewa. Nikapiga tena. Mara ya tatu ikapokelewa, nyuma nikisikia sauti za watu wengi.

"Nani?" Ilikuwa sauti ya Mama. Dada, kama alivyonisimulia baadaye, aliona jina langu kwenye simu akaitupa, akadhani mizimu. Mama ndiye aliyeiokota.

"Mama, ni mimi."

 Nikamsikia akiwaambia watu kule nyuma wanyamaze.

"Mama, ni mzima. Breki ameandika vibaya. Nilikuwa nimelala tu, na nikaamka, nikapanda, na nimefika. Nimemaliza, Mama."

"Umefika?"

"Nimefika."

"Kwa miguu yako?"

"Kwa miguu yangu mwenyewe."

Nikasikia anavuta pumzi ndefu. Halafu nikasikia mlio nisioujua, kama wa mbao kuukuu ikilalamika. Nikamuuliza dada baadaye ule mlio ulikuwa wa nini. Akaniambia ulikuwa wa kiti. Mama alikuwa amekaa.

Tuliingia mtaani taa ndiyo kwanza zinawashwa. Nilishuka kwenye gari mwenyewe, nikachechemea mpaka mlangoni, maana nyonga sasa ilikuwa inadai chake. Chumba cha mbele sikukitambua. Mashuka yote yalikuwa sakafuni kwenye kona, yamerundikwa hovyo, na viti vyote vina watu. Dada aliniambia ujumbe uliposomwa Mama hakulia. Alizima pasi, akaanza kushusha mashuka kwenye viti, kiti kwa kiti, akisema, "Watu wanakuja. Watahitaji kukaa." Hakumruhusu mtu amsaidie.

Majirani waliponiona wengine walipiga kelele, wengine wakacheka mpaka wakashika mbavu. Yule wa nusu kichwa alifurahi kuliko ndugu zangu. Breki aliingia nyuma yangu ameinamisha kichwa kama mwizi wa kuku, na Mama, bila kuinuka kitini, akamnyooshea kidole, kisha akakielekeza kidole kilekile kwenye rundo la kona.

"Yote," akasema. "Yapigwe pasi. Na usiache hata mkunjo."

"Ndiyo, Mama."

"Na usikohoe."

Watu wakavunjika mbavu tena. Mimi nilibaki nimesimama katikati ya chumba, kwa sababu viti vyote vilikuwa na watu na kwa sababu ndivyo tulivyozoea. Mama alinitazama kuanzia viatu mpaka kichwani. Macho yake yalikuwa mekundu. Alivitazama viatu kwa muda mrefu kidogo, nikajua havitachemshwa.

"Ulilala pale mlimani," akasema. "Halafu ukaamka."

"Nililala, Mama. Halafu nikaamka. Nisingelala nisingefika."

Akatikisa kichwa kukubali, polepole, kama mtu anayeonja kitu kipya. Kisha akainama, akavuta shuka moja safi kutoka kwenye rundo la Breki, akalitandika sakafuni karibu na miguu yake, akalinyoosha pembe kwa kiganja.

"Njoo hapa," akasema. "Pumzika, mwanangu."

 Pasi ya Breki ikasimama hewani. Nilimwangalia Mama kuhakikisha kama amejisikia alichosema, na alikuwa amejisikia. Kidevu kilikuwa kinamcheza, lakini neno hakulirudisha.

Nikalala pale pale, na viatu miguuni, watu wakizungumza juu ya kichwa changu. Wakaanza kushusha sauti, na nikamsikia Mama akiwakataza. "Ongeeni tu. Hapa hakuna kunong'ona."

Nilipoamka kulikuwa kumekucha. Wageni wameondoka, mashuka yamekunjwa, lakini safari hii yamepangwa juu ya meza. Mama alikuwa bado kwenye kiti kilekile, pasi baridi pembeni yake, ananitazama.

"Umeamka," akasema.

"Nimeamka, Mama."

Ndipo akafumba macho, akaegemeza kichwa nyuma, na yeye akapumzika.